Mkono Unaojua Kutulia

Karani tamba hatembei kama ndege wengine. Korongo huchukua hatua kana kwamba anaogopa kulowa, mbuni hukimbia hata pasipo na cha kukimbia, lakini karani tamba huipima ardhi. Huinua mguu, huukunja, huusimamisha hewani kitambo, kisha huushusha kama mtu anayegonga mhuri juu ya karatasi. Kichwa chake hakina papara, na yale manyoya ya kisogoni yaliyompa jina, yanayofanana na kalamu zilizochomekwa nyuma ya sikio la karani wa zamani, hupepea kidogo tu. Nilimwona kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la basi la Arusha kwenda Musoma, lile linalokatiza Serengeti, nikiwa na umri wa miaka kumi na moja. Kwa muda mrefu niliamini kwamba hakuna binadamu awezaye kuuiga mwendo ule.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye nikauona tena, usiku, kwenye kioo cha kompyuta yangu Dar es Salaam. Ndege alikuwa ametua kwenye mashua inayoelea juu ya nchi iliyofunikwa na maji. Alisogea hadi kwenye usukani, akanyoosha mguu mmoja, akausukuma mpini wake, ule ambao mabaharia wa mwambao huuita kana, na mashua ikageuka. Hakufanya zaidi ya hapo. Hakutabasamu, hakukonyeza jicho, hakutugeukia kutuonyesha kwamba sasa yeye ni nahodha. Nilisimamisha filamu, nikairudisha, nikaisogeza picha moja moja kwa kitufe. Kabla mguu haujaacha ubao, uzito wa mwili ulikuwa umeshahamia mguu wa pili. Shingo ilichelewa kidogo kuufuata mwili, kama inavyochelewa kwa ndege yeyote mwenye shingo ndefu. Aliyekitengeneza kipande kile alikuwa amemtazama karani tamba kwa muda mrefu, na alichokiona alikiheshimu.

Filamu hiyo ni Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia. Tarehe 2 Machi 2025, mjini Los Angeles, ndiyo iliyopewa Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni, na ikawa filamu ya kwanza ya Latvia kupata Oscar yoyote. Ilishindana na nne nyingine: Inside Out 2 ya Pixar, The Wild Robot ya DreamWorks, Wallace & Gromit: Vengeance Most Fowl ya studio ya Aardman ya Bristol, Uingereza, na Memoir of a Snail ya Adam Elliot wa Australia. Nimezitazama zote tano, baadhi mara tatu au nne. Ninachotaka kusema hapa ni jambo moja lililonijia taratibu, filamu baada ya filamu: kila mahali niliposhtuka, kila mahali moyo uliponipasuka, palikuwa mahali ambapo fundi aliuzuia mkono wake.

Kwetu filamu hizi huitwa katuni, na neno hilo limebeba dharau ndogo. Katuni ni za kumtuliza mtoto mama akiwa jikoni. Wanaisimu wetu walitupa neno jingine, uhuishaji, nami nalipenda kwa sababu halitaji kuchora wala kuchekesha. Linataja kutia uhai. Dharau hiyo haiko kwetu pekee. Katika sherehe za Oscar za 2022 kipengele hiki kilitambulishwa jukwaani kama cha filamu ambazo watoto huzirudia na kuzirudia mpaka wazazi wakachoka, na watu wa kazi hiyo waliumia. Mwaka uliofuata Guillermo del Toro, aliposhinda kwa Pinocchio yake ya vikaragosi, alitumia dakika zake jukwaani kusema kwamba katuni ni sinema kamili. Kwamba mtu mzima wa heshima kama yeye alilazimika kulisema hilo, zaidi ya miaka ishirini tangu kipengele kianzishwe kwa ajili ya filamu za 2001, kunanisikitisha bado.

Basi turudi kwenye utulivu, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Katika kompyuta, kiumbe asiyesogea kabisa hufa. Jicho la mtazamaji hulitambua hilo kabla akili yake haijapata neno la kulisemea: muda mfupi tu wa kuganda, na paka amegeuka sanamu ya plastiki. Kwa hiyo mhuishaji anayetaka paka wake atulie hana budi kuufanyia kazi utulivu wenyewe. Mbavu zipande na kushuka. Sikio moja ligeukie upande wa sauti wakati kichwa hakijaamua. Ncha ya mkia ipinde, inyooke. Na vyote hivyo viwe vidogo kiasi kwamba mtazamaji aone paka aliyetulia, asione mtu anayejitahidi kumtuliza paka. Ni kazi ya kujificha. Fundi anayefanikiwa hapo hapigiwi makofi, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimefanyika.

Flow ina dakika 85 na haina neno hata moja. Paka mweusi anaamka katika nyumba ambayo mwenyewe hayupo tena, nyumba iliyozungukwa na sanamu za paka, mafuriko yanakuja, anajikuta mashuani na kapibara, yule mnyama wa Amerika ya Kusini wa jamii ya panya lakini mwenye ukubwa wa kondoo, na lemuri wa Madagaska anayekusanya vitu kwenye kikapu, na mbwa, na karani tamba wetu. Binadamu hayumo kabisa, na hatuelezwi alikokwenda. Ingekuwa rahisi mno kuwapa wanyama hao nyusi za binadamu na midomo ya binadamu ili tuelewe haraka. Zilbalodis na wenzake walikataa. Paka akiogopa, masikio hulala na mgongo hushuka. Akitaka kitu, hukitazama, hutazama pembeni, hukitazama tena. Mwenye paka nyumbani anajua hiyo ndiyo lugha yao yote, na inatosha.

Sauti nazo ni za wanyama halisi. Kwa kapibara ilibidi watafute kwingine, kwa sababu sauti yake ya kweli ni nyembamba na kali, haimfai mnyama mpole na mzito kama yule. Wakatumia sauti ya mtoto wa ngamia. Ukimsikiliza akishusha pumzi kabla ya kulala utakubali kwamba walichagua vyema.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tumezoea kuipata filamu ya kigeni kwa mdomo wa mtu wa tatu: Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro kule Kenya, watu wenye kipaji kikubwa cha kuiingiza hadithi ya Hong Kong katika vichochoro vyetu. Nimewasikiliza utotoni kote na nawaheshimu. Flow haimhitaji mkalimani. Paka wa Riga hulia kama paka wa Kariakoo, na mtoto asiyejua kusoma anaanza nayo sekunde ileile anayoanza profesa.

Namna ilivyotengenezwa inastahili kusimuliwa kwa fundi yeyote kijana. Zilbalodis, aliyezaliwa 1994, filamu yake ndefu ya kwanza, Away ya 2019, aliifanya peke yake kwa miaka mitatu na nusu, pamoja na muziki. Flow ilimchukua zaidi ya miaka mitano, safari hii akiwa na timu ndogo za Latvia, Ufaransa na Ubelgiji, kwa gharama ya takriban euro milioni 3.5. Inside Out 2 inatajwa kutengenezwa kwa dola zipatazo milioni 200. Programu waliyotumia ni Blender, ambayo mtu yeyote, awe Tabora au Bujumbura, huipakua bure. Mwongozaji hakuchora kwanza hadithi yake kwenye karatasi, picha kwa picha, kama desturi ya studio kubwa ilivyo. Aliujenga msitu na maji ndani ya kompyuta, kisha akaingia humo na kamera akitafuta, kama mpigapicha anayefuata mnyama porini bila kujua atageukia wapi. Ndiyo maana vipande vingine hudumu dakika kadhaa bila kukatwa. Kamera hukimbia na paka, humpoteza, husimama, hugeuka kumtafuta. Mara moja moja huchelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakonifanya niamini kwamba kulikuwa na kitu cha kuchelewa.

Wapo wanaolalamika kwamba picha zake ni kavu, kwamba manyoya ya paka ni mabaka ya rangi tu, yanafanana na mchezo wa kompyuta. Ni kweli mabaka yapo. Nilipoitazama mara ya kwanza yalinisumbua kwa dakika kumi hivi. Kisha nikagundua kwamba pesa na saa ambazo wengine huzitumia kuhesabu unywele mmoja mmoja, hawa walizitumia kwenye uti wa mgongo, mahali ambapo woga wa paka unakaa.

Udongo ni jambo jingine kabisa.

Kikaragosi cha udongo kinaweza kuganda kisife. Sijui fundi wa Aardman angelieleza vipi. Mimi nalieleza kwa kuwa kipo. Kina uzito, kinapokea mwanga wa taa ya kweli, na juu ya ngozi yake kuna alama za vidole vya mtu. Ukigeuza chungu cha Wakisi wa Matema, kule Ziwa Nyasa, unaweza kukuta mahali kidole cha mama aliyekifinyanga kilipopita, na chungu hakikutoki akilini tena. Aardman huziacha alama hizo makusudi. Sinema huhitaji picha 24 kwa sekunde, na katika kazi ya udongo mara nyingi kila mkao hupigwa picha mbili, kwa hiyo mikao kumi na miwili kwa sekunde moja. Ukipiga hesabu ya filamu yao ya dakika 79 unapata picha zaidi ya laki moja, na kati ya mkao na mkao mtu ameingia, ameinama, amesukuma kitu kwa unene wa ukucha, ametoka. Siku nzima ya fundi mmoja huzaa sekunde chache.

Sasa mtazame Gromit. Mbwa huyu hana mdomo. Nick Park alipoanza kumtengeneza akiwa mwanafunzi, katika A Grand Day Out iliyotoka 1989, alikusudia mbwa aseme. Kisha ikatokea picha ambayo Gromit yuko mahali pagumu kufikika kwa mikono, na lililowezekana kwa urahisi lilikuwa kusogeza nyusi zake. Park akasukuma nyusi, akaona mbwa mzima amefikiri. Mdomo haukuhitajika tena, na haujahitajika kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyusi ile ni kipande cha udongo kinachoshushwa au kuinuliwa kwa kidole. Mboni za macho ni shanga zenye tundu dogo katikati, ambamo fundi huchomeka pini na kuzizungusha. Kwa vitu hivyo viwili Gromit humsamehe bwana wake Wallace, humtilia shaka, humhurumia, hukata tamaa naye, humpenda. Nimewahi kuwatazama waigizaji wakubwa wakishindwa kufanya hayo kwa uso mzima.

Na bado katika filamu hiyohiyo yumo asiye hata na nyusi. Feathers McGraw, pengwini mwizi aliyetokea mara ya kwanza katika The Wrong Trousers ya 1993, ana macho mawili meusi kama vichwa vya misumari, mdomo wa ndege usiofunguka, na basi. Hacheki, hakasiriki, hanuni. Anatazama. Mhuishaji aliyefunzwa miaka mingi kukifanya kila kitu kitikisike anapewa pengwini huyu na kuambiwa: muache. Nafikiria jinsi mkono unavyowasha. Unatamani kumpa kainamo kadogo ka kichwa, kumkunja shingo kidogo ili watu wajue ana hila. Lakini kila unachomwongezea kinampunguza. Anapokaa amekupa mgongo, kisha akageuka polepole, akasimama, akapepesa mara moja, chumba kizima kinapoa. Ni sisi tunaomjaza ubaya, kwa woga wetu wenyewe, na fundi aliyeelewa hilo amefika mbali sana katika kazi yake.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa ufundi wa udongo, mpaka nilipoitazama filamu ya Adam Elliot.

Elliot alizaliwa na mtetemeko wa mikono wa kurithi. Mistari yake haikuweza kamwe kunyooka. Mtu mwingine angetafuta kazi isiyohitaji mkono. Yeye akachagua kazi isiyohitaji kitu kingine, na akaifanya ile pindapinda ya mkono wake kuwa sura ya ulimwengu wake wote. Katika Memoir of a Snail hakuna kikombe kilichonyooka, hakuna dirisha lenye pembe nne za kweli, hakuna jicho lililo sawa na jicho la pili. Vitu kama elfu saba vilitengenezwa kwa mikono, na kompyuta haikuruhusiwa kuchora hata kimoja. Moto ni selofani ya manjano inayong'aa. Machozi ni kilainishi kizito, kinachoning'inia shavuni muda mrefu kuliko maji yangeweza. Rangi ni za kahawia, kijivu, na weusi wa chai iliyosahaulika.

Ni filamu ya watu wazima, na sitaki mzazi yeyote adanganyike na neno udongo. Grace, msichana wa Australia ya miaka ya sabini, anapoteza wazazi, anatenganishwa na pacha wake Gilbert, anajizungushia konokono na vitu vya konokono mpaka nyumba inakuwa gamba. Sarah Snook anaisema sauti yake kwa upole unaouma. Nikiri kwamba kwa ladha yangu Grace anasimulia kupita kiasi. Mara kadhaa picha ilikuwa imeshasema na maneno yakaja kusema tena. Lakini kuna nyakati Elliot anamwacha ameketi tu, mabega yameshuka, kofia yake yenye macho ya konokono ikimwelemea kichwani, na kikaragosi kinatulia kabisa. Hapo nilifikiria mikono inayotetemeka ikikiweka kikaragosi kile sawasawa, ikikiachia, ikirudi nyuma taratibu ili meza isitikisike. Utulivu ule umetoka kwenye mkono usioujua utulivu. Nilisimamisha filamu nikatoka nje kupunga upepo.

Roz wa The Wild Robot hana mdomo wala nyusi pia. Kichwa chake ni mviringo wenye taa mbili mahali pa macho; ni roboti iliyoundwa kuhudumia watu na kutupwa na tufani kwenye kisiwa kisicho na mtu. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua sauti yake hata kama hawajui: ni Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico na kukulia Kenya. Sauti peke yake ndiyo iliyompa Tuzo ya Annie, ambayo ndiyo tuzo kuu ya watu wa katuni wenyewe. Msikilize mwanzoni. Ni ule uchangamfu wa mashine inayokukaribisha kwenye simu ya huduma kwa wateja, usio na pumzi ndani yake. Kisha anamlea kifaranga cha bata bukini aliyebaki yatima, na Lupita anaanza kuiachia pumzi iingie, kidogo kidogo, mwishoni mwa sentensi kwanza, kisha katikati. Hakuna mahali unapoweza kunyoosha kidole ukasema hapa ndipo alipogeuka. Wahuishaji nao waliufuata mwendo huohuo: chuma kinachong'aa kinachubuka, kinashika ukungu, viungo vilivyokuwa vikikatakata mwendo vinaanza kuzunguka kwa ulaini, na mwili wa mashine unakaribia rangi za msitu uliochorwa kama kwa brashi.

Kipande ninachokirudia ni cha bata kuhama. Roz anakimbia kando ya mtoto wake ili apate mwendo wa kuruka, anafika ukingoni mwa jabali, mtoto anapaa, na yeye anasimama. Chris Sanders, mwongozaji, alikuwa na kila zana ya studio tajiri mkononi mwake. Angeweza kumpa Roz chozi la mafuta. Aliiacha mashine imesimama kwenye upepo ikitazama angani, na muziki wa Kris Bowers ukafanya sehemu yake, na mimi, mtu mzima, nikamkumbuka mama yangu kwenye stendi ya Ubungo siku nilipoondoka kwenda chuoni.

Inside Out 2 nitaipitia kwa haraka, ingawa ndiyo filamu iliyoingiza pesa nyingi kuliko zote duniani mwaka 2024, zaidi ya dola bilioni 1.6. Imetengenezwa kwa ustadi usio na doa na inasema bila kupumzika; hisia za msichana wa miaka kumi na mitatu zinabishana, zinaelezana, zinaeleza zilichokwisha kukieleza. Nilichoka. Lakini karibu na mwisho Wasiwasi, yule mwenye nywele za rangi ya chungwa, anaizunguka paneli ya kuongozea kwa kasi mpaka anakuwa kimbunga, na ndani ya kimbunga hicho kuna yeye mwenyewe amesimama, hasogei, macho wazi, chozi limetuama halidondoki. Mtu yeyote aliyewahi kubanwa kifua usiku bila sababu anajua kwamba ndivyo kulivyo: nje kila kitu kinazunguka na ndani umeganda. Pixar wanajua kutulia. Laiti wangejiamini kufanya hivyo mara nyingi zaidi.

Ningepewa kura, ningeipa Flow, lakini ningeshika kalamu muda mrefu juu ya jina la Elliot. Kwa kazi ya mkono mtupu, konokono wake hana mshindani mwaka ule. Flow inamshinda kwa imani: imani kwamba mtazamaji atakaa na paka asiyesema chochote na hatachoka. Aprili 2025, wiki chache baada ya tuzo kutolewa, waandaaji wa Oscar walitangaza kwamba kuanzia hapo mwanachama hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika kipengele bila kuwa ametazama filamu zote zilizoteuliwa. Nilifurahi, nikashangaa pia kwamba sharti hilo lilichelewa hadi mwaka huo.

Mwezi uliopita shangazi yangu alikuja kutoka Bunda kwa ajili ya macho yake. Kliniki ilimpa dawa ya matone na kumwambia asubiri wiki mbili, kwa hiyo jioni tulikuwa na muda. Hatazami katuni, alinitazama kwa huruma nilipoiwasha. Baada ya robo saa aliomba nisogeze kompyuta karibu. Hakuuliza mbona hawasemi. Karani tamba alipotua mashuani alisema, "Huyu ni wa kwetu," akamtazama anavyosukuma kana kwa mguu, akatikisa kichwa, akasema, "Ndiye. Hivyo hivyo."

Kuna sehemu kuelekea mwisho ambapo ndege na paka wanafika juu ya minara mirefu ya mawe. Wote wawili wanainuliwa hewani, katikati ya mwanga, kama vile dunia imeacha kuwavuta. Ndege anaendelea kupanda. Paka anarudishwa chini. Filamu haielezi.

Shangazi alikaa kimya kitambo. "Kaenda wapi?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui, na umeitazama mara ngapi?"

"Nne."

"Basi irudishe, mwanangu," akasema, akifuta jicho lililotiwa dawa. "Anzia pale anapotua."